Uzi maalumu: Mkanda wa UFC wa uzito wa juu na mabingwa walioupoteza bila kupigwa

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za wakati huu.

Kila unapozuka ubishi wa nani alikuwa bingwa mkubwa kuliko wote wa uzito wa juu katika UFC, ile kampuni ya Marekani ya mapambano mchanganyiko (MMA), watu huhesabu waliopigwa: huyu alimzimisha fulani, yule alimkaba fulani. Mimi nimekaa na daftari nikahesabu kinyume, yaani nimetazama namna kila bingwa alivyoachana na mkanda wake. Tangu Februari 1997 mpaka Oktoba 2025 kuna vipindi 24 vya ubingwa kamili, nikiiacha kando mikanda ya muda, yaani ile inayotengenezwa wakati bingwa hapigani; cha 24 kilikuwa bado hakijaisha. Mara 16 bingwa alishindwa kizimbani, ama kwa kuzimishwa, ama kwa kukabwa, ama kwa pointi. Mara 7 mkanda ulimtoka pasipo mpinzani yeyote kumgusa: kwa mgogoro wa mkataba, kwa dawa zilizokatazwa, kwa ajali ya pikipiki, kwa kuamua tu kwenda kwingine. Hoja yangu ni kwamba hizo 7 zinaueleza mkanda huu vizuri zaidi kuliko zile 16, na nitajaribu kuionyesha hatua kwa hatua. Mwenye masahihisho anakaribishwa.

UFC ilipoanza mjini Denver, Novemba 1993, hapakuwa na madaraja ya uzito kabisa. Royce Gracie, mtu wa kilo 80 hivi, alipangiwa wanaume waliomzidi mwili na akawakaba mmoja baada ya mwingine. Madaraja yalikuja na UFC 12, tarehe 7 Februari 1997, nayo yalikuwa mawili tu: walio chini ya kilo 91 na walio juu yake. Mpambano huo ulipangwa kufanyika katika jimbo la New York, lakini mamlaka za huko ziliweka vikwazo dakika za mwisho, ikabidi wapiganaji, waamuzi na kizimba chenyewe vipakiwe ndege kwenda Dothan, mji mdogo wa jimbo la Alabama. Huko Mark Coleman alimwangusha Dan Severn, akamlalia, akamminya shingo mpaka Severn akagonga mkeka kabla ya dakika 3 kutimia. Wote wawili walikuwa watu wa mieleka ya kweli, ile ya Olimpiki. Bingwa wa kwanza wa uzito wa juu akapatikana hivyo, katika mji ambao siku mbili kabla hakuna aliyekuwa akiutaja.

Coleman hakukaa nao. Julai ya mwaka huohuo Maurice Smith, mpiga mateke na ngumi, alikubali kulala chali huku Coleman akijichosha juu yake, kisha pumzi ya bingwa ilipokata akasimama na kumchapa mateke ya mapaja mpaka majaji wakampa ushindi. Desemba, mjini Yokohama, Randy Couture akamshinda Smith kwa pointi. Mabingwa watatu ndani ya miezi 11.

Na hapo ndipo tunapoipata ya kwanza kati ya zile 7. Couture na waendeshaji wa wakati huo hawakuelewana kuhusu mkataba, akaondoka mwanzoni mwa 1998, na mkanda ukakaa bila mwenyewe kwa zaidi ya mwaka. Mei 1999 Bas Rutten wa Uholanzi aliuchukua kwa kumshinda Kevin Randleman kwa pointi, majaji wakiwa wamegawanyika, na ubishi juu ya uamuzi ule haujaisha hadi leo. Rutten naye akauachia kwa hiari yake, akitaka kushuka daraja, kabla majeraha hayajamsimamisha. Hiyo ni ya pili.

Sehemu inayofuata nitaileta baada ya muda mfupi.

#2 Mchangiaji

Shukrani mleta uzi. Mimi ni mtu wa ngumi za kawaida, na huku MMA naingia kama mgeni, kwa hiyo naomba kueleweshwa jambo moja kabla hujaendelea. Kwenye ngumi mkanda hutolewa na WBC, WBA, IBF au WBO, na promota ni mtu mwingine kabisa. Bondia akigombana na promota wake anaweza kuhama akiwa na mkanda wake kiunoni. Huku kwenu mkanda ni wa nani?

#3 Mleta uzi

Mkuu, umeuliza swali lenyewe hasa. Huku mkanda ni mali ya kampuni. UFC ndiyo inayomsajili mpiganaji, inayompangia mpinzani, inayouza tiketi na haki za matangazo, na ndiyo inayosema nani ni bingwa na nani siye tena. Serikali za majimbo ya Marekani husimamia afya, vipimo, waamuzi na majaji, lakini hazina neno katika kumvua mtu ubingwa wa kampuni. Isitoshe, mikataba ya UFC imekuwa na kile kinachoitwa kifungu cha bingwa, ambacho hurefusha mkataba wa mtu akiwa bado anashikilia mkanda. Kwa hiyo kule kwenu mkanda humpa bondia nguvu mezani, na huku unaweza kumfunga miguu.

Nirudi kwenye historia. Kabla ya kuingia kwenye mambo ya dawa, niruhusuni kisa kimoja ambacho nakipenda ingawa hakikuhamisha mkanda. Randleman aliuchukua mkanda uliokuwa wazi Novemba 1999 nchini Japani, na Machi 2000 akapangwa kuutetea dhidi ya Pedro Rizzo wa Brazili katika mji wa Lake Charles, Louisiana. Watu wamelipa, wamekaa, mapambano ya awali yamekwisha. Kule nyuma ya ukumbi Randleman anapasha mwili moto, anakanyaga mabomba yaliyokuwa sakafuni, anateleza, anajigonga kichwa na kupoteza fahamu. Akapelekwa hospitali, na pambano kuu la usiku ule likafutwa. Aliutetea kwa Rizzo miezi mitatu baadaye, lakini Novemba 2000, mjini Atlantic City, Couture aliyekuwa amerudi kwenye kampuni akamsimamisha raundi ya 3. Ule ulikuwa mpambano wa kwanza wa UFC chini ya usimamizi wa New Jersey, na kanuni zilizotoka huko ndizo zilizoleta kikomo cha kilo 120 tunachokijua sasa. Januari 2001 ndugu wawili wa familia ya Fertitta wakainunua kampuni kwa dola milioni 2 na kumweka Dana White kuiendesha.

Machi 2002 Josh Barnett, akiwa na umri wa miaka 24, alimpiga Couture raundi ya 2. Miezi minne baadaye akavuliwa mkanda kwa sababu vipimo vilionyesha dawa za kujenga misuli. Ricco Rodriguez akauokota Septemba, Tim Sylvia akamzimisha Rodriguez Februari 2003, akautetea mara moja, kisha vipimo vikamkuta Sylvia naye, akakiri, mkanda ukaenda zake. Ya tatu na ya nne, ndani ya miezi 15.

Juni 2004 Sylvia alirudi kuugombea dhidi ya Frank Mir. Wengi mmeiona picha yenyewe. Mir yuko chini, ameushika mkono wa Sylvia na kuunyoosha katikati ya mapaja yake, na mwamuzi Herb Dean ghafla anaingia kusimamisha pambano likiwa na sekunde 50 tu. Ukumbi unazomea. Sylvia anasimama, anabisha, anasema mkono wake mzima na anataka kuendelea. Kisha marudio yanaonyeshwa kwenye skrini kubwa: mfupa wa chini ya kiwiko unapinda pale pasipo na kiungo. Zomeazomea ikakatika. Dean aliona kwa jicho lake, akiwa hatua mbili tu kutoka kwao, kitu ambacho mwenye mkono alikuwa bado anakikana.

Mir hakuufaidi ushindi ule. Septemba 2004 aligongwa na gari akiwa kwenye pikipiki, akavunjika mfupa wa paja. Kampuni ikatengeneza mkanda wa muda, Andrei Arlovski wa Belarus akauchukua Februari 2005, na Agosti mwaka huo Mir akavuliwa rasmi, Arlovski akatangazwa bingwa kamili. Hiyo ni ya tano. Naomba muikumbuke hesabu: kuanzia siku Mir aliyoshinda mkanda hadi siku aliyovuliwa ilikuwa miezi 14. Tutaihitaji huko mbele.

#4 Mchangiaji

Mleta uzi, unaandika vizuri, ila naona unakwepa jambo. Miaka hiyo yote unayoisimulia, mtu bora wa uzito wa juu duniani hakuwa UFC. Alikuwa Japani, kwenye Pride, anaitwa Fedor Emelianenko. Alimshinda Nogueira Machi 2003 na kuchukua ubingwa wa huko, na hakuna aliyemshinda kwa namna isiyo na utata mpaka 2010. Sasa huu mkanda wa akina Sylvia na Arlovski tunauitaje wa dunia?

#5 Mleta uzi

Nakubaliana nawe, na sikwepi. Kati ya 2003 na 2007 mkanda wa UFC ulikuwa wa pili kwa thamani, na Sylvia aliyempokonya Arlovski mkanda mwaka 2006 hakuwa na jibu kwa swali hilo. UFC iliinunua Pride mwaka 2007, wapiganaji wengi wakahamia, ila Fedor hakusaini kamwe.

Lakini tazama kilichofuata, maana kinaingia moja kwa moja kwenye hoja yangu. Machi 2007 Couture, akiwa na miaka 43 na baada ya kustaafu kwa mwaka mmoja, alimkabili Sylvia mbele ya watu wapatao 19,000 mjini Columbus, Ohio. Sylvia alikuwa amemzidi urefu kwa zaidi ya sentimita 15. Ngumi ya kwanza kabisa ya Couture ilimkalisha chini, na majaji wote watatu wakampa raundi zote tano. Agosti akamsimamisha Gabriel Gonzaga, na mkono wake ukavunjika akizuia teke. Oktoba akajiuzulu, na moja ya sababu alizozitaja ni kwamba alimtaka Fedor na kampuni haikumpata. Ni mtu yuleyule wa 1998, na ugomvi ni uleule. Safari hii hakuvuliwa. Walikwenda kwenye mahakama na mawakili, mkanda wa muda ukatengenezwa kwa ajili ya Nogueira, kisha Novemba 2008 Couture akarudi na kukutana na Brock Lesnar.

Lesnar wengi wetu tulimjua kwenye mieleka ya televisheni, ile ya akina Undertaker tuliyokuwa tukisimuliana shuleni kila Jumatatu. Hilo lilikuwa pambano lake la nne tu la MMA, na alishinda raundi ya 2. Mwaka uliofuata akaugua utumbo, akakaa nje mwaka mzima, mkanda wa muda ukaenda kwa Shane Carwin, na Julai 2010 Lesnar alirudi, akanusurika raundi ya kwanza akiwa amejikunja chini ya ngumi za Carwin, akamkaba raundi ya 2. Kumbukeni kwamba hakuvuliwa. Mir alikuwa bingwa asiyeuza sana, Lesnar alikuwa mtu aliyeuza matangazo kuliko mpiganaji yeyote wa wakati wake. Sisemi zaidi ya hapo.

Oktoba 2010 Cain Velasquez akammaliza Lesnar raundi ya kwanza. Junior dos Santos akamzimisha Velasquez kwa sekunde 64 Novemba 2011, Velasquez akaurudisha Desemba 2012 na kumwadhibu tena Oktoba 2013. Ninapita haraka hapa kwa sababu wale walikuwa wanapokonyana kwa ngumi, kama inavyotakiwa.

#6 Mchangiaji

Usipite haraka hivyo, mkuu. Velasquez baada ya Oktoba 2013 hakupigana tena mpaka Juni 2015, kwa sababu ya majeraha. Hiyo ni miezi 20, na hakuvuliwa. Je, naye aliuza kama Lesnar? Naona unamhukumu Dana White kwa kesi mbili tu.

#7 Mleta uzi

Umenishika pazuri, na nakubali kwamba kesi ya Velasquez inaipunguza makali hoja yangu, ingawa kampuni ilikuwa inataka sana soko la Mexico na yeye, mwenye asili ya Mexico, ndiye aliyekuwa ufunguo. Fabricio Werdum aliuchukua mkanda wa muda mjini Mexico City Novemba 2014, na mji huohuo ndio uliomponza Velasquez. Uko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Werdum alipanda milimani kufanya mazoezi wiki nyingi kabla, mwenzake akafika akiwa amechelewa. Mkenya yeyote aliyepita kambi za Iten angeweza kuwaambia matokeo mapema. Kufikia raundi ya 3 Velasquez alikuwa anahema kwa mdomo, akajirusha miguuni mwa Werdum kwa uchovu, shingo ikaingia kwenye kabali, basi.

Mei 2016, mjini Curitiba, mbele ya watu zaidi ya 45,000, Werdum alimkimbiza Stipe Miocic huku amenyanyua kidevu, Miocic akarudi nyuma hatua mbili na kumpiga ngumi moja ya kulia. Miocic alikuwa zimamoto huko Ohio na hakuiacha kazi hiyo alipokuwa bingwa. Aliutetea kwa Alistair Overeem, kwa dos Santos na kwa Francis Ngannou, mara 3 mfululizo, na hiyo ndiyo rekodi ya daraja hili. Tatu tu. Demetrious Johnson, katika kilo 57, aliutetea wake mara 11. Anderson Silva, katika kilo 84, mara 10. Kwenye kilo 110 kosa moja linatosha, hata uwe na ufundi wa namna gani, na kila mtu unayepangwa naye anaweza kukuzimisha. Daniel Cormier akamzimisha Miocic Julai 2018 akiwa tayari anashikilia mkanda wa kilo 93, Miocic akaurudisha Agosti 2019 baada ya kugundua, katika raundi ya 4, kwamba ubavu wa Cormier ulikuwa wazi kwa ngumi ya kushoto. Ya tatu baina yao, 2020, Miocic alishinda kwa pointi.

Sasa Ngannou. Alizaliwa Batié, Kameruni, akachimba mchanga machimboni tangu utotoni, akavuka Sahara hadi Moroko, akavuka bahari hadi Hispania, akalala nje mjini Paris kabla ya kuingia kwenye ukumbi wa mazoezi. Januari 2018 Miocic alimfundisha somo la pumzi, 50 kwa 44 kwa majaji wote. Machi 2021 wakarudiana. Huku kwetu ilikuwa Jumapili, saa moja na dakika kadhaa asubuhi, nami nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda na simu mkononi, nikiomba kifurushi kisikate. Kwa sababu ya korona ukumbi haukuwa na mashabiki, kwa hiyo kila pigo lilisikika lenyewe. Raundi ya 2, Ngannou anamyumbisha kwa ngumi ya kushoto. Miocic anajibu kwa kulia, inampata, anaamini amegeuza mambo, anasogea mbele. Kushoto nyingine ya Ngannou inamkuta njiani. Aliangukia mgongo huku mguu mmoja umekunjika chini yake. Nilipiga ukelele, mama akabisha mlango akiuliza kuna msiba gani. Kwa siku zile Afrika ilikuwa na mikanda mitatu: Ngannou, Kamaru Usman na Israel Adesanya, hawa wawili wakiwa wazaliwa wa Nigeria.

Miezi minne na siku kadhaa baadaye, wakati bingwa yuko mzima na amesema yu tayari kupigana, ingawa si kwa tarehe waliyoitaka wao, kampuni ilitengeneza mkanda wa muda. Ciryl Gane, aliyewahi kufanya naye mazoezi Paris, akauchukua. Januari 2022 Ngannou alimkabili Gane akiwa na goti lililochanika, na mzimishaji yule akageuka mtu wa mieleka, akamwangusha tena na tena, akashinda kwa pointi. Malipo yake yaliyotangazwa yalikuwa dola 600,000. Kisha akakataa kusaini upya. Alitaka uhuru wa kupigana ngumi, bima ya afya kwa wapiganaji, wadhamini wake mwenyewe, na mtu wa kuwasemea wapiganaji mezani. Mkataba ulipoisha, Januari 2023, mkanda ulibaki kwa kampuni na yeye akatoka mtupu. Oktoba mwaka huo, mjini Riyadh, alimwangusha Tyson Fury raundi ya 3, akashindwa kwa pointi za kugawanyika, na kulipwa fedha ambazo kizimba hakikuwahi kumpa. Hiyo ni ya sita, ndugu zangu.

#8 Mchangiaji

Kwa kuongezea tu: kesi ya wapiganaji wa zamani dhidi ya UFC, waliodai kwamba kampuni ilihodhi soko na kubana malipo, iliisha kwa makubaliano ya dola milioni 375, na mahakama ikayathibitisha Februari 2025. Kwa hiyo Ngannou hakuwa mlalamikaji wa peke yake. Endelea na ya saba.

#9 Mleta uzi

Ahsante sana, mkuu, hilo lilikuwa limenipita kuliandika.

Ya saba ni Jon Jones. Alikuwa amekaa nje miaka mitatu, akarudi Machi 2023 na kumkaba Gane kwa dakika 2 na sekunde 4, akachukua mkanda ambao Ngannou aliuacha. Oktoba, msuli wa kifua ukachanika. Tom Aspinall wa Uingereza akaitwa kwa haraka kuugombea mkanda wa muda, akamzimisha Sergei Pavlovich kwa sekunde 69, na mwaka uliofuata akautetea mkanda huo wa muda kwa Curtis Blaydes kwa dakika 1 kamili, jambo lisilo la kawaida, kwa sababu mkanda wa muda kazi yake ni kumngoja bingwa. Bingwa alirudi Novemba 2024, miezi 20 tangu aupate, na hakupangiwa Aspinall. Alipangiwa Miocic mwenye miaka 42, mjini New York, jimbo lilelile lililoufukuza mkanda huu mwaka 1997. Alishinda raundi ya 3. Kisha miezi ikapita, majadiliano yakawa ya mitandaoni, na Juni 2025 akatangazwa kustaafu. Aspinall, baada ya kuwa wa muda kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu, akapandishwa kwa tangazo. Mir alinyimwa mwezi wa 15. Jones alipewa miezi 20, akatoka mwenyewe kwa wakati wake.

Utetezi wa kwanza wa Aspinall ulikuwa Abu Dhabi, tarehe 25 Oktoba 2025, dhidi ya Gane. Kwa mara moja hatukulazimika kudamka alfajiri. Ilikuwa Jumamosi usiku, tumekula, tumeoga, tumekaa sebuleni watu sita. Gane alikuwa anapiga vizuri, pua ya Aspinall ilishaanza kutoka damu. Zikiwa zimebaki sekunde 25 raundi ya kwanza iishe, Gane alinyoosha mkono na vidole vikaingia kwenye macho yote mawili. Aspinall akakaa chini, daktari akamulika tochi, akamuuliza anaona nini. Hakuona. Mwamuzi akapunga mikono, pambano likafutwa bila mshindi, na mkanda ukarudi kwa mtu yuleyule aliyeingia nao, ambaye hakuwahi kuushinda kizimbani na sasa hakuutetea wala kuupoteza.